Jinsi Mwalimu Nukta Alivyosema "Wee!" Mbele ya Mkaguzi

Jongeeni, enyi wenye masikio, na wewe unayetafuna hapo nyuma meza kwanza, maana habari hii haisikilizwi na mdomo uliojaa. Nawasimulia vita vya darasa la tano, siku ya somo la vihisishi, vile vineno vinavyomtoka mtu kabla hajafikiri: lo, ala, yalaa na ndugu zao wote.

Shujaa wetu ni mwalimu wa lugha, bingwa wa chaki, mama wa madaftari safi, ambaye wanafunzi walimwita Nukta kwa kuwa sauti yake haikupanda wala kushuka kwa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyeweka ile sheria ya chuma: mtoto anyooshe mkono, asimame, aseme kwa sentensi kamili. Na sasa mkaguzi, mzee mwenye upara unaong'aa kama sufuria mpya, ameketi nyuma na kalamu yake. Kihisishi cha kweli kisiposikika kabla ya kengele, Nukta atavuliwa darasa apelekwe kutunza stoo ya madawati. Jamani, miaka kumi na tisa, halafu stoo!

"Enyi simba wa darasa la tano!" akanguruma shujaa, kwa sauti ileile ya kuita majina. "Leo nawataka mshangae! Nani atatangulia vitani?"

Mikono arobaini ikapaa. Binti wa mstari wa mbele akasimama wima kama mkuki.

"Mwalimu, mimi nimeshangaa, lo, ahsante."

Akaketi. Mkaguzi akatikisa kichwa, akaandika kitu kirefu. Nukta akageukia ubao ili watoto wasimwone uso. Aliogopa, msinibishie, hata mashujaa huogopa.

Ndipo alipoingia dirishani nyigu mwekundu, jemadari asiyealikwa, akaizunguka dari mara mbili, akatua katikati ya upara wa mkaguzi. Watoto wote walimwona. Hakuna aliyefungua kinywa, maana sheria ni sheria. Kiranja akanyoosha mkono kwa adabu na kukohoa kidogo.

"Simama, useme," akasema Nukta, bado kawapa mgongo.

"Mwalimu, kwa heshima na taadhima, naomba kukuarifu kwamba juu ya kichwa cha mgeni wetu, upande wa kulia kidogo, ametua mdudu ambaye kwa kawaida..."

Nukta akageuka. Akaona. Hapo, wasikilizaji wangu, miaka kumi na tisa ikamtoka kwa mkupuo mmoja.

"WEE! Uwiii! Baba, kichwani! Nyigu!"

Mkaguzi akaruka, akajizaba kofi la upara, paa! "Yalaa! Mama yangu wee!" Nyigu akatoka salama salimini, na darasa zima likalipuka bila mkono hata mmoja kunyooshwa: "Loo! Masalale! Pole, babu! Hoyee!"

Ukuta ukagongwa. Ni mwalimu mkuu, mlinzi wa kimya. "Nani anapiga kelele huko?"

"Ala!" akafoka Nukta. "Si tunasoma!"

Mkaguzi, huku akijisugua na machozi yakimlengalenga, akaandika: "Vihisishi vya kweli vimesikika, viwili ni vyangu. Mwalimu abaki na darasa lake." Kengele ikalia.

Basi wenye wino na waandike, na wasio na wino wakariri: saa nne na dakika ishirini asubuhi, mwanamke mmoja alisema "wee", na stoo ya madawati ikabaki bila mlinzi.