Mkurugenzi Alalia Kochi

Ilitangazwa rasmi, ikabandikwa mpaka mlango wa choo: kuanzia Jumatatu kila mwanachuo atakuwa na utu wenye sehemu tatu zilizoidhinishwa. Dhamiri itaongoza. Nafsi itatekeleza. Tamaa imesimamishwa kazi hadi uchunguzi ukamilike.

Mwalimu wa somo la nafsi alisoma akaguna. Mkurugenzi wa chuo alikuwa anakuja kuzindua kochi la kufundishia, lile la mtu kulala na kutoa yaliyomo moyoni. Asiporidhika, somo linafutwa, na Mwalimu anahamishiwa stoo ya chaki.

"Kitendawili!" aliwaambia wanafunzi wakimsubiri mgeni.

"Tega!"

"Nyumba moja, wapangaji watatu. Mmoja analilia chakula, mmoja anakemea, wa tatu anasuluhisha na hapati usingizi."

"Mtoto, baba na mama!" akaropoka wa nyuma.

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua ofisi ya Mkurugenzi, ina kiyoyozi."

"Nimekwenda, nimerudi. Ni mtu mmoja tu, wanangu. Ni wewe hapo."

Mkurugenzi akaingia, Naibu wake nyuma na mkasi. Mkurugenzi akakata utepe, akajilaza kochini na viatu vyake.

"Sasa, mzee, sema lolote linalokujia. Usichague," alisema Mwalimu.

"Mimi sisemi lolote. Natoa maelekezo."

"Basi elekeza, macho umefumba."

Kochi lilimpokea kama mama anavyompokea mwana. Kisha ikamtoka sauti ndogo, kama ya mtu mwingine kabisa.

"Nimechoka. Huyu Naibu ananitazama kama paka anavyotazama samaki. Somo hili nilitaka kulifuta kwa sababu silielewi. Liacheni. Nami niacheni, niende nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alitamani kumfunika shuka.

Mkurugenzi akakurupuka. "Futeni hayo! Ilikuwa Tamaa, nayo imesimamishwa!"

"Samahani, mheshimiwa," alisema Naibu, uso mkavu kama ubao. "Kwa utaratibu wako, neno lako mbele ya watu ni agizo. Mwenye kulitengua ni Mkurugenzi peke yake."

"Mkurugenzi si ndiye mimi!"

"Ulikuwa, mpaka hapo pa 'nyumbani'. Somo limeachwa, umejiuzulu, nafasi ni yangu, na gari linakungoja."

Mlango ulipofungwa nyuma ya mzee, Mwalimu alikung'uta vumbi la viatu, akaunyoosha mto.

"Karibu nawe, Mkurugenzi mpya," alimwambia Naibu. "Ni dakika chache tu."

Mkurugenzi mpya alilitazama kochi, akawatazama wanafunzi waliotega masikio, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

"Ahsante, Mwalimu," alisema. "Mimi nitasimama."