Maombi ya Kurudishiwa Uzito wa Usukani

Mtaa wa Mission,
NJOMBE.
19 Juni 1994

Fundi Hamis Luqmani,
Gereji ya Nyuma ya Stendi,
MAKAMBAKO.

Ndugu Fundi,

YAH: USUKANI WA DATSUN YANGU KULAINIKA KUPITA KIASI

Kichwa cha habari kimekwisha kusema nusu ya jambo. Kabla ya nusu ya pili, pokea salamu za baridi ya huku, ambayo wiki hii imegeuza nyasi kuwa nyeupe. Mwili wangu ni mzima. Kilichoumia ni heshima.

Utakumbuka kwamba mwezi wa pili nilikuletea gari langu, ile Datsun nyekundu ya michezo, ya viti viwili, niliyoachiwa na mhandisi wa Kizungu barabara ya Songea ilipokamilika. Usukani wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na bega langu la kulia lilikuwa limeanza kulalamika kila nikikata kona ya soko. Ulinitazama ninavyohangaika kuliingiza gereji, ukacheka, ukasema: "Mzee Odilo, hizo ni enzi za ushirika. Siku hizi soko huria, kila kitu kinaingia. Acha nikutilie pawa, utakata kona kwa kidole." Ukachukua pampu, mkanda na mipira ya oili kutoka kwenye gari aina ya Korona lililopinduka, ukavifunga kwenye injini yangu, ukaniita nijaribu. Nilikata kona kwa kidole. Nilifurahi, sikatai.

Sasa nimekaa nikaipitia shajara yangu tangu siku ile, nami naona kwamba furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofika nyumbani. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipate pa kujifichia.

1. Nilikuomba unilainishie usukani mimi. Hukunitahadharisha kwamba utalainika na kwa watu wengine.

Wewe ni mgeni katika nchi hii ya baridi, huenda hujui. Kwetu mtu hamnyimi shemeji yake. Shemeji akisimama mlangoni akiomba jembe, unampa jembe. Akiomba gari, unampa gari, na unamwuliza kama amekula. Miaka yote ile mimi sikumnyima mtu. Nilitoa ufunguo kwa mikono miwili, kwa tabasamu, nikisema, "Chukua, shemeji, gari ni lako." Usukani ndio uliokuwa unakataa kwa niaba yangu. Shemeji yangu Basil, kaka wa mke wangu, aliliazima mara moja tu kwenda Mdandu. Alishindwa kulikunja kwenye njia panda, akanyoosha moja kwa moja mpaka huko kwenu Makambako, akaliegesha mbele ya stendi, akarudi kwa basi. Alinirudishia ufunguo akisema, "Shemeji, lile si gari, lile ni dume la ng'ombe." Tukabaki tukipendana.

Tangu ulipolitia pawa analiazima kila Jumatano, na analirudisha lina manyoya ya kuku kwenye dashibodi. Umeninyang'anya hapana yangu, Fundi, nami hapana nyingine sina.

2. Mke wangu Avelina, ambaye wewe unamwita Mama Stella.

Mama Stella alikuwa anaishi na gari lile kwa amani, kila mmoja upande wake wa ua. Siku moja nilipokuwa kwenye kikao cha parokia aliingia "kulisogeza kidogo" apate pa kuanikia mahindi. Alilisogeza mpaka Matembwe kwa mama yake, akarudi. Wiki iliyofuata lilikuwa limejaa viazi, linaelekea Makambako. Nilimweleza kwa upole kwamba gari la michezo halikuumbwa kubeba viazi. Akanijibu: "Baba Stella, michezo ipi? Wewe umecheza nalo tangu Stella yuko darasa la kwanza. Acha na viazi vicheze."  

3. Mama mkwe.

Hapa nakuomba usome polepole. Kwa mila zetu mtu na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega, wala hawakodoleani macho. Gari langu lina viti viwili. Mradi dereva ni mimi peke yangu, Mama Idda wa Matembwe, ambaye namheshimu sana na kwa umbali, hakuwa na namna ya kulipanda. Yeye alilijua hilo, mimi nililijua, na hakuna aliyelisema.

Leo dereva ni binti yake. Mama Idda anakaa kiti cha pili, amefunga mkanda, amepakata kuku. Na mimi mwenye gari? Jumapili ya Pentekoste nilikwenda kanisani nimelala chali kule nyuma, chini ya ule mlango unaofunguka kama kifuniko cha sanduku, na gunia la viazi limesimamishwa kati yangu na mama mkwe kulinda mila. Kioo cha nyuma, unavyojua, ni kikubwa. Tuliposimama mbele ya kanisa watu waliona soli za viatu vyangu kwanza. Silvesta, kiongozi wa kwaya, alivua kofia akaanza kuwapanga waimbaji, akidhani tumeleta marehemu. Ilibidi nipige chafya.

4. Vijana wa stendi.

Zamani nilipogeuza gari pale stendi ya Njombe, miguu imekita, shati limelowa jasho katika baridi hii hii, vijana waliacha kupakia mbao wakanitazama. Nilisikia wakisema, "Yule mzee msimwone vile, ana mikono." Sasa wanangoja nipite kwa miguu ndipo waulize: "Mzee Odilo, leo mama amekunyima lifti?" Mmoja alinishauri niweke nafasi mapema, kama basi.

5. Wewe binafsi.

Nilitaka kujua viazi vinaishia wapi. Nimejua. Mnunuzi mkubwa wa Mama Stella huko Makambako ni mkeo Rukaya, mwenye kibanda cha chipsi. Maana yake ni kwamba mume alilainisha usukani, na mke akapokea viazi vilivyopita juu ya ulaini huo. Sisemi kwamba ni njama. Nasema tu kwamba nilifika kidato cha nne, na hesabu za kujumlisha mambo mawili tulifundishwa mapema zaidi.

6. Taifa.

Serikali imelegeza bei. Imelegeza forodha. Mitumba inaingia, redio zinaingia, na chama chetu cha ushirika, ambacho nilikitumikia kama mtunza ghala, kimelegea mpaka kimelala. Nami sikulalamika, kwa sababu kila asubuhi nilitoka nje nikashika usukani nikakuta bado kuna kitu kimoja kigumu katika nchi hii. Ukakilegeza na hicho. Mtu atajishikiza wapi?

Kwa hayo yote naomba utekeleze moja kati ya haya:

(a) Uing'oe pampu na kila kilichokuja nayo, uurudishe usukani katika uzito wake wa kuzaliwa.

(b) Ikishindikana, uirekebishe pawa itambue mikono yangu tu. Najua utasema haiwezekani. Hata kukata kona kwa kidole nilidhani haiwezekani.

(c) Ikishindikana na hiyo, uniandikie cheti chenye mhuri wa gereji, kisemacho kwamba usukani huu una madhara kwa wake, mashemeji na wakwe. Nitakibandika kwenye kioo cha mbele.

Jumamosi ijayo nitalileta gari mimi mwenyewe, na sitakubali soda wala pilau kabla kazi haijaanza.

Nisalimie Rukaya, bila kinyongo. Msalimie pia Nasiri wa kuchomelea, na wote wanaokaa kwenye lile tairi la trekta hapo mlangoni kwako wakitoa ushauri.

Ni mimi, nikiwa bado mwenye gari kwa mujibu wa kadi,

Odilo Mgaya

N.B. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha, Basil akapiga hodi. Anataka gari kwa siku tatu, aende Ipelele kununua kondoo. Kama desturi yangu nilitoa tabasamu, nikanyoosha mkono kwenye msumari wa ufunguo. Msumari ulikuwa mtupu. Mama Stella alikuwa ameufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, naye akasema bila kuacha kumenya: "Kaka, gari lina dereva, na dereva ana viazi. Ukitaka Ipelele, kangoje lori la mbao. Ukitaka Makambako, kaa juu ya gunia, nauli yako ni kupakua." Basil akanigeukia. Nikamwambia ukweli mtupu: "Shemeji, mimi ningekupa. Gari ni lako. Dereva ndiye mzito." Akaondoka akitikisa kichwa, na tumebaki tukipendana.

Unaona, Fundi, mila ile ya kutomnyima shemeji inanifunga mimi. Haimfungi dada yake. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu ni kweli, yaweke kwenye faili, ila usukani usiuguse. Uzito wangu umerudi. Umehamia tu kwingine.

Jumamosi tutakuja sote, na mama mkwe. Ninachoomba ni kiti kimoja kidogo kule nyuma, nacho kitazame nyuma, ili mimi na Mama Idda tupeane visogo kama inavyotakiwa. Mwambie Nasiri akichomelee barabara na akiwekee mahali pa kushika kwa mikono miwili, maana Mama Stella anakata kona kwa kidole.