Kwaya ya Krank, Kabiria

Jumatatu, 5 Juni 2006
Kanyiva, rapa wangu wa pekee, anataka biti ya krank, ule muziki wa Amerika, kufikia Jumamosi. Nikikosa, anahamia kwa Muli, yule mwenye studio barabara ya Luthuli, mjini. Nimemwambia krank ndiyo kazi yangu ya kila siku. Sijui krank ni nini. Muuza CD mjini amenieleza: besi nzito, na watu wengi wakipiga kelele kwa hasira. Besi ninayo. Watu je?

Jumanne, 6 Juni
Wazo! Kwaya ya vijana hapa Kabiria. Watu kumi na mmoja, wote bure. Nikawaomba waseme "Hei!" basi. Mwalimu wao, Naliaka, akauliza doh, noti ya kuanzia, iko wapi. Nikamwambia hakuna doh, ni hasira tu. Akasema hata hasira ina sauti nne, akawapanga. Alto wakachelewa kuingia, ikabidi tuanze upya. Saa tatu nzima! "Hei" imetoka tamu kupita kiasi, na mwishoni ina Amina. Nimeiacha hivyo hivyo.

Alhamisi, 8 Juni
Kanyiva ameisikia. Ameuliza ni nani amefariki. Halafu eti krank imepitwa, siku hizi ni snap: mlio wa vidole, na nafasi tupu. Imepitwa lini, jamani, na Jumatatu ilikuwa mpya? Nikatoa ngoma, nikatoa besi, nikatoa kinanda. Nikapiga vidole mpaka kimoja kikavimba. Kumchezea, akauliza wimbo unaanza saa ngapi.

Ijumaa, 9 Juni
Nimechanganya krank na snap. Sasa hata mimi sielewi. Naogopa. Huyu msichana akienda, mimi si prodyuza tena, ni mtu mwenye kompyuta.

Jumamosi, 10 Juni
Ameenda kwa Muli. Roho inaniuma, sidanganyi.

Nikafika Luthuli kumpeleleza Muli. Akanikaribisha chai, kumbe hana hata cha kuficha. Alimwambia Kanyiva afoke mistari yake bila biti, akamsikiliza mara mbili, ndipo akaweka ngoma chini ya sauti. Akaniuliza kwangu alikuwa akifoka vipi. Nikafikiria. Wiki nzima sijamsikia hata mstari mmoja. Aibu ilinishika pale pale na kikombe mkononi.

Nikamuuliza hiyo staili ya kusikiliza inaitwaje huko Amerika. Akaniongezea chai, jina hakunitajia. Mchoyo sana! Lakini yeye alisikiliza peke yake. Kesho baada ya ibada natafuta watu ishirini waje studio kusikiliza, tena kwa nguvu.