Nyota Moja kwa Risiva Kaidi

Jumatatu, 6 Mei

Imefika. Sanduku kubwa kuliko meza yangu ya kazini. Wapagazi wawili walilitua sebuleni, wakauliza kama nina fundi wa kunifungia. Niliwaambia fundi ndiye huyu wanayemtazama. Walitazamana. Niliwasamehe.

Ni risiva ya sinema ya nyumbani. Inachukua sauti ya televisheni na kuigawa kwenye spika tano na besi moja, mpaka aliyeketi kwenye kochi adhani mlango wa kwenye filamu umebamizwa nyuma ya kisogo chake. Kabla sijamruhusu mke wangu aende kuinunua nilisoma maoni ya wamiliki mia mbili na arobaini kwenye tovuti ya duka. Mia mbili na arobaini, neno kwa neno. Wengi wao hawajui koma inakaa wapi.

Sababu ya yote haya ni baba mkwe. Anaishi nasi mwaka wa nne sasa, na masikio yake yamechoka. Magari ya kwenye filamu anayasikia, maneno hayapati. Tangu mwezi uliopita ameacha kukaa sebuleni. Anajifungia chumbani mwake, anatazama dirisha. Basi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ametangaza kwamba atamchukua mzee akakae kwake, kwa kuwa nyumba yake ina utulivu. Ina utulivu kwa sababu humo ndani hakuna anayefikiri lolote.

Shemeji atakuja na gari Jumapili saa nane mchana. Mke wangu ameweka mambo wazi: kufikia siku hiyo, mzee akifuata filamu moja tangu mwanzo hadi mwisho, anabaki. Asipoweza anakwenda, na risiva inarudi dukani, maana siku saba za kurudisha zinaishia hapo hapo.

Siwezi kumpoteza mzee. Ndiye mtu pekee aliyesikiliza hoja zangu zote juu ya magazeti, barabara na uzembe wa waandishi bila kunikatiza hata siku moja. Miaka minne. Hutikisa kichwa tu, taratibu. Akili kubwa sana ile.

Jumanne, 7 Mei

Kabla ya chai ya asubuhi spika zote zilikuwa mahali pake. Mbili mbele, mbili nyuma ya kochi, besi kwenye kona, na moja ya katikati chini ya televisheni. Hiyo ya katikati ndiyo inayobeba maneno. Yaani ndiyo itakayombakisha mzee hapa.

Kisha kupima chumba. Kitabu cha maelekezo kinasema maikrofoni, kitu kidogo kama kizibo cha chupa, kiwekwe pale anapokaa msikilizaji, usawa wa sikio. Risiva itapiga mlio kwenye kila spika, itausikiliza, itajirekebisha yenyewe. Dakika sita. Mstari wa tatu unaagiza watu wote wanyamaze. Niliuunga mkono kwa dhati. Niliwatoa mke wangu na mzee nje, wakae uani, wasije wakaniharibia.

Fyuuup. Spika ya kushoto, safi kabisa. Mlio wa katikati ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza, na nililisema hilo. Kwa sauti ya kawaida. Halafu ikabidi nieleze kwa nini kampuni inayoandika maelekezo kwa herufi ndogo kiasi kile haiwezi kuaminiwa na milio. Nilipofika kwenye hitimisho risiva ikaandika: Imekamilika.

Saa kumi tulimketisha mzee mbele ya filamu. Mambo gani haya. Mvua ilinyesha ndani ya masikio yetu, farasi walipita nyuma ya kochi, lakini maneno hata mimi sikuyapata. Mwanamke alimwambia mumewe jambo zito. Tulijua ni zito kwa sababu alivunja sahani. Mzee aliuliza kama amesema anaondoka. Mke wangu alisema hajui, baba. Mzee akainuka, akatuambia asanteni, akaenda chumbani kwake.

Ile asanteni ilinichoma.

Nimeandika maoni kwenye ukurasa wa wamiliki. Nyota moja. Aya tisa. Nadhani ni kati ya maandishi yangu bora.

Jumatano, 8 Mei

Wamejibu. Kumi na mmoja, kabla hata sijavaa viatu. Mmoja anayejiita Fundi Mstaafu aliandika swali moja tu: Ulinyamaza wakati inapima?

Mwingine, Mama Spika Tano, aliongeza maelezo ambayo hakuna aliyemwomba. Kwamba mtu akiongea wakati huo, risiva hudhani sauti yake inatoka kwenye spika ya katikati, huona maneno yamezidi humu ndani, na kuyapunguza. Watu arobaini walimwekea dole gumba.

Nilijibu kwa aya kumi na moja. Nilimuuliza ni chombo gani hiki, kilichotengenezwa ili watu wasikie maneno, ambacho chenyewe hakivumilii mtu kusema maneno. Nilitaja historia ya uchapishaji. Nilitaja wafalme watatu waliochukia wasemaji na jinsi walivyoishia. Nilipata dole gumba moja. Baadaye nikagundua nimelibonyeza mimi.

Mke wangu alisoma yote akiwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza kwa upole kama kweli nilinyamaza. Nilimwambia hilo silo swali la msingi. Akasema sawa.

Alhamisi, 9 Mei

Kazini. Mimi ni msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, na meza yangu iko hatua nane kutoka kwenye mashine kubwa. Miaka ishirini na miwili ya kusema juu ya mngurumo ule. Mpanga kurasa, ambaye tumekaa jirani muda wote huo, alisikiliza mkasa wangu wote wa risiva wakati wa mapumziko. Alipomaliza mkate wake akanishauri nijifunge kitambaa mdomoni. Alidhani anatania. Mimi niliona mkakati.

Saa kumi na moja nilikuwa sebuleni na kitambaa kimekazwa hadi masikioni. Mzee alinitazama kwa huruma, akaenda uani mwenyewe bila kuambiwa. Nikabonyeza. Spika ya kushoto ikapita. Mimi kimya. Ili mikono isikae bure nilifungua simu nisome maoni mapya, na hapo nikakuta bwana mmoja ameandika kwamba besi inafaa iwekwe chini ya kitanda. Chini ya kitanda. Nilicheka. Kitambaa hakizuii cheko la mtu aliyesoma.

Matokeo: risiva inaamini spika yangu ya katikati iko umbali wa mita kumi na nne. Sebule yetu ina mita tano. Kwa hesabu zake, spika hiyo iko jikoni kwa jirani.

Nimepiga picha ya skrini, nimeiweka kwenye ukurasa wa wamiliki kama ushahidi wa ujinga wa chombo. Fundi Mstaafu ameuliza: Ulicheka?

Watu hawa wananifuatilia.

Ijumaa, 10 Mei

Shemeji alipita asubuhi na maboksi mawili matupu ya kutilia nguo za mzee. Siku mbili kabla. Ana tabia ya kuongea chinichini ili umwinamie kama mwombaji. Alisema kwake kuna chumba kinachopata jua. Alisema haoni haja ya watu wazima kugombana kwa ajili ya redio. Nilimwambia hii si redio. Akasema shemeji, taratibu, wala mimi siko mbali.

Alipoondoka nilimkuta mzee anakunja mashati. Anayakunja vizuri, mikono kwa ndani, na kuyapanga kwenye boksi kwa rangi. Nilimwambia bado mapema. Hakunisikia. Nikarudia kwa sauti ya kiwandani. Akasema sawa mwanangu, naanza na yale nisiyovaa. Lakini la bluu lilikuwa juu, na la bluu analivaa kila Ijumaa.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alilitazama lile shati la bluu, kisha akanitazama mimi. Simpendi mke wangu akinitazama hivyo.

Basi mchana nikaingia vitani kwa mara ya tatu. Bila simu, bila kitambaa, bila kitabu. Nilisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, macho ukutani. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nilihisi hoja mbili zinanipanda kifuani, nikazimeza. Ya nne! Spika zote tano zimepita, sasa inarudia ya katikati kwa uhakika. Dakika ya tano sikuwa nimewahi kuona ushindi ulio karibu namna ile, nikafungua dirisha na kuwaambia walioko uani waje waone jinsi nilivyonyamaza.

Spika ya katikati: haipo.

Jumamosi, 11 Mei

Kama chombo hakisikii, wenye chombo watasikia. Niliondoka nyumbani saa tatu na kurasa kumi na nne zilizopigwa chapa na kubanwa kwa pini. Mke wangu alinisindikiza hadi barabarani. Aliniambia nisiharakishe, niwaeleze kila kitu tangu mwanzo. Miaka kumi na tisa ya ndoa na hajawahi kuniambia hivyo. Niliondoka nimesisimka.

Dukani mhudumu wa vifaa vya sauti aliniomba niache karatasi kwenye sanduku la maoni. Nilimweleza kwamba maandishi ya namna hii husomwa, hayatumbukizwi. Nilisoma. Nilisimama kati ya pasi na majokofu na kusoma kurasa zote kumi na nne. Mama mmoja aliyekuja kununua pasi alisikiliza hadi ukurasa wa sita, akaniuliza kama mimi ndiye ninayeuza. Meneja alikuja. Aliniuliza kama kuna mtu nyumbani anayeweza kujaribu kupima badala yangu. Nilimwambia nyumbani yupo mke wangu tu na mzee asiyesikia. Akaniletea kiti.

Nilirudi saa sita na nusu. Kwanza nilidhani hakuna mtu. Mke wangu na mzee walikuwa wameketi kwenye kochi, mikono mapajani, wametulia kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Maikrofoni ilikuwa juu ya kamusi zangu tatu, pale mzee anapokaa, usawa kabisa wa sikio lake. Mke wangu akaanza kuikunja waya.

Nikauliza kuna nini. Akasema imepimwa.

Mzee akaongeza kwamba walinyamaza kidogo.

Mke wangu akawasha filamu ileile ya Jumanne. Yule mwanamke akafungua mdomo, na nikasikia kila neno. Kila neno! Kumbe hakuwa anaondoka. Alikuwa anamwambia mumewe kwamba mama yake anakuja kukaa nao. Mzee akapiga goti lake, akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ahamie hapa, akasema ndiyo maana sahani imevunjika.

Nilielewa mara moja. Meneja aliingiwa na hofu. Nilipokuwa njiani amempigia mtu, mtu huyo amebonyeza kitu huko makao makuu, na risiva imenyooka. Hivi ndivyo kalamu inavyofanya kazi. Kurasa kumi na nne.

Mke wangu alipoisikia nadharia hiyo alikaa chini.

Jumapili, 12 Mei

Siku kuu ya maisha yangu kama mtumiaji wa vifaa vya umeme.

Filamu ilianza saa sita kamili, ndefu, ya mahakamani, maneno matupu. Mzee mbele, miguu juu ya boksi la mashati. Nilikaa kando yake nimsaidie kuelewa. Nilipoanza kumfafanulia udhaifu wa mashtaka, aliinua kidole kimoja, akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu. Yule anaongea."

Baada ya miaka minne, mzee ameingia kwenye mjadala. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijaribu tena mara sita, na mara sita akainua kidole.

Shemeji alifika saa nane, funguo za gari mkononi. Mzee hakugeuka. Alimwambia asubiri, hakimu hajatoa hukumu. Shemeji akakaa kwenye mkono wa kochi, kisha kwenye kochi, kisha akavua viatu. Hukumu ilipotoka mzee alifuta macho. Akasema yule wakili amempenda sana, maana akimaliza kusema huwa ananyamaza. Shemeji alicheka hadi akapaliwa na mke wangu akampiga mgongoni. Sikuona cha kuchekesha, ila ni uchambuzi mzuri kwa mtu anayeanza.

Shemeji alimuuliza tena, chinichini kama kawaida yake, kuhusu chumba chenye jua. Mzee akajibu, "Kwako nitakuwa nasikiliza saa ya ukutani, baba. Hapa kila siku kuna jambo." Kisha akaomba mashati yake yatolewe kwenye boksi. Mke wangu aliyatoa yeye mwenyewe, moja moja, na aliyaweka kabatini kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Shemeji ameondoka na maboksi yake matupu. Nilimfungulia geti kwa heshima zote.

Jioni nimekuta maoni mapya kwenye ukurasa wa wamiliki. Mmiliki asiyetaja jina. Nyota tano. Anasema: "Chombo kizuri sana. Maneno yanasikika vizuri. Pimeni mume akiwa ametoka." Madole gumba mia moja na sita.

Damu ilinichemka. Simjui mume huyo, lakini ni mtu. Nimemtetea kwa aya saba. Nimesema huenda ni mtu wa fikra, anayetumiwa kama kisingizio na mwanamke asiyejua kusoma maelekezo. Mke wangu alisoma begani kwangu, akasema nimemtetea yule bwana vizuri sana, hakuna ambaye angeweza zaidi. Akaenda jikoni kwa mzee. Muda si mrefu wote wawili walikuwa wanacheka. Kumbe risiva hii inamsaidia mzee kusikia hata mambo ya jikoni. Nitaliongeza hilo.

Jumatatu, 13 Mei

Nimebadilisha maoni yangu. Nyota tano. Nimewashauri wamiliki wote wasikubali kunyamazishwa na kifaa, wakiseme kwa uthabiti mpaka kijirekebishe, kama mimi. Fundi Mstaafu ameweka nukta tatu tu. Nimezichukua kama kusalimu amri.

Sasa kuna hili. Leo ni siku yangu ya mapumziko, mke wangu amempeleka mzee kupimiwa miwani, na mimi nimesikiliza kwa makini: spika ya nyuma kulia imezidi ya kushoto kidogo sana, kama unywele. Kama imekuwa nzuri kiasi hiki bila mimi kuwepo, hebu fikiria nikiisimamia. Kitabu kinaonya kwamba kupima upya kunafuta vipimo vya zamani. Vizuri. Tuanze upya.

Kosa langu wiki nzima lilikuwa kuikosoa baada ya mlio. Mashine haipendi kukosolewa mbele ya watu, nami nisingependa. Safari hii nitaielekeza kabla, spika kwa spika, kwa sauti ya wazi na ya kirafiki, ijue inakwenda wapi.

Nimebonyeza. Mlio wa kwanza umetoka kushoto. Nimeiambia ni sahihi.