Pete ya Bi Khairiya

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeacha kazi! Miaka mitatu ya kupokea wageni pale gesti inatosha. Bi Khairiya ana chumba juu ya mkahawa wake wa Mkunazini, mito kumi na miwili ya kukalia, na anatafuta mtu wa mazingaombwe kila Jumamosi baada ya alasiri. Majaribio ni Jumamosi hii. Tuko wawili tu, mimi na Junaid, yule wa karata. Mke wangu Mwatima sijamwambia. Alishaapa kwamba nikiacha kazi nyingine tunahamia kwa mama yake Makunduchi, nikafunge mwani kwenye kamba baharini. Mimi! Mtoto wa mjini, wa Shangani!

Jumanne, 9 Septemba
Mazoezi. Pete naishika mkono wa kulia, najifanya naitia wa kushoto. Kumbe imebaki kulia, imebanwa kiganjani. Napuliza kushoto, nafungua, hamna kitu! Kisha naitoa kwenye kofia ya mtu. Leo imeanguka mara kumi na tisa. Mara ya ishirini imeingia kwenye mchuzi wa pweza. Mwatima kaniuliza natafuta nini sufuriani. Nimesema naonja chumvi.

Jumatano, 10 Septemba
Dawa ya Junaid imepatikana. Nimemnong'oneza muuza kahawa wa barazani kwamba karata za Junaid zinapinduliwa na jini. Nimemsihi asimwambie mtu, kwa hiyo kufikia magharibi watakuwa wanajua wote. Bi Khairiya ni mtu wa swala tano. Hatamtaka tena.

Alhamisi, 11 Septemba
Balaa! Mtaa mzima unataka kumwona huyo jini. Mito yote imeshawekewa nafasi. Bi Khairiya kanieleza kwa furaha kwamba watu wanamuulizia Junaid tu, akauliza kama na mimi nina jini. Nimesema wangu yuko safarini.

Ijumaa, 12 Septemba
Jaku wa gesti kaleta shati nililolisahau kazini. Mwatima kalipokea, kamshukuru, kisha kaja kukaa mbele yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Kasema nikipata nafasi kwa Bi Khairiya tunabaki mjini. Nikikosa, tunaondoka Jumapili asubuhi, na mama yake keshaitwa kuja kusaidia kufunga mizigo. Sanduku limeshushwa kabatini. Naogopa, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumamosi, 13 Septemba
Junaid alianza. Karata zilimtii, jini hakuonekana, watu wakapiga makofi vilevile.

Zamu yangu. Watu kumi na wawili, magoti kwa magoti, macho yote mikononi mwangu. Nikaomba pete. Bi Khairiya akavua yake, ya urithi kwa bibi yake, akaniambia niitunze. Jasho! Nikaitia kushoto, yaani kulia. Hakuna aliyegundua! Nikakunja ngumi ya kushoto, nikavuta pumzi nipulize.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe! Bi Thuwaiba mwenyewe, kanifuata kutoka nyumbani. Akaja moja kwa moja, akaninyooshea mkono.

Nifanye nini? Nimpe mkwe mkono wa kushoto, mbele ya watu? Bora nife. Wa kulia ukaenda wenyewe, nikasema shikamoo, nikambusu mkono. Akasema marahaba, akahisi kitu kiganjani. Akakitazama. Machozi yakamlenga. Akaniombea dua ndefu kwa kumkumbuka mkwewe, akaitia pete kidoleni.

Bi Khairiya akapiga ukelele. Pete ikagoma kutoka. Nikavuta, mkwe akalia. Junaid akaenda jikoni, akarudi na mafuta ya nazi, akamkanda kidole taratibu huku akimchekesha. Ikatoka. Makofi hayo! Kila Jumamosi ni ya Junaid.

Jumapili, 14 Septemba
Makunduchi. Mwatima keshanikatia kamba za mwani.

Ila nimefikiri sana. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mkono. Mkono wa kulia ni wa watu wote, yeyote anaweza kuuomba. Pete ifichwe mdomoni! Kesho kinamama wa mwani wanapumzika ukumbini kwa mkwe, watu saba, pazuri pa kuanzia. Nimeazima kimyakimya pete ya ndoa ya Bi Thuwaiba, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Imo chini ya ulimi hivi sasa ninavyoandika. Haionekani kabisa!

Mkwe ananiita kutoka uani. Mara ya pili hii, na sauti imepanda. Siwezi kumnyamazia mkwe. Ngoja niitike naam, kwa sauti, anisikie.