Pangaboi Tano Zilizobaki Kwenye Maboksi

Mtaa wa Nne, Jibuti
14 Juni

Kwa Dada Saada Roble,
Mmiliki Mwenza, Dubai

YAH: KUTOFUNGWA KWA PANGABOI TANO

Dada yangu mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji, na kwamba huko bado mnavaa sweta ndani ya nyumba kwa baridi ya viyoyozi, kama ulivyonieleza kwenye simu bila huruma. Huku khamsini, ule upepo wa moto kutoka jangwani, imeanza kuvuma tangu Jumanne. Hatuvai sweta.

Ulipotuma zile pangaboi sita kwa meli, uliagiza kila chumba cha nyumba aliyotuachia mama kifungiwe moja. Mimi nimekuwa karani wa bandari miaka ishirini na sita. Sifungi kitu kabla ya kukifanyia majaribio. Nikafunga moja tu, chumba namba tatu, kwa Nimo fundi cherehani, maana dari yake ndiyo imara. Majaribio yamekwisha. Kwa masikitiko makubwa, naleta matokeo.

1. Heshima imeshuka. Unakumbuka kuanzia saa saba mchana, mirungi ikishafika mjini na maduka yakifungwa, wapangaji wote walikuwa wakija kukaa kwenye kivuli cha ukuta, mlangoni kwangu. Hakuna aliyepita bila kuniuliza hali ya goti. Siku ya kwanza ya pangaboi walikuja wawili. Siku ya pili nilikaa na paka. Siku ya tatu paka naye akahamia namba tatu, na goti langu halijaulizwa mpaka leo.

2. Mavazi ya mji yameharibika. Nimo alikuwa akishona gauni la bibi harusi na suruali za askari mmoja kwa wakati mmoja. Upepo ukapeperusha vipande vya karatasi anavyokatia, vikachanganyika, na gauni likatoka na mifuko minne ya kiaskari. Mama wa bibi harusi alikuja amekunja mikono ya dera lake, tayari kwa vita. Lakini binti alipolijaribu akatia simu mfuko huu, leso mfuko ule, na kipande cha halua mfuko wa tatu, akakataa kulivua. Sasa Nimo ana maharusi wengine wanne wanaotaka mifuko. Dada, bibi harusi mwenye mifuko ni mtu anayeweza kuondoka wakati wowote. Sitaki jambo hilo lihusishwe na ukoo wetu.

3. Wapangaji wamefahamiana. Hili ndilo zito. Zamani joto lilimfanya kila mtu achoke na kunyamaza, hata pale ukutani hawakuwa na nguvu ya kusema zaidi ya salamu. Sasa wanakaa wamepoa, kila mchana, saa tatu nzima, na mtu aliyepoa huanza kuongea. Hodan wa namba tano, yule mama wa mapacha, akataja kwamba paa lake linavuja. Mzee Asowe wa namba mbili, aliyekuwa fundi wa reli, akasema na lake linavuja. Wakaulizana, wakakuta yanavuja yote. Kisha wakagundua kwamba kila mmoja wao nilimwambia ni yeye peke yake aliyewahi kulalamika. Sikuwadanganya kwa ubaya. Nilitaka kila mmoja ajione wa pekee. Siku hiyo hiyo wakaunda kamati, na Asowe akawa mwenyekiti.

4. Wanapiga kura. Asowe anataka kasi namba mbili kwa sababu ya mifupa yake, Hodan anataka namba tano. Walipiga kura, Asowe akashindwa, na badala ya kununa kama wanavyofanya wenyeviti wa kawaida, akaenda kuvaa koti lake la reli akarudi kukaa. Watu waliozoea kupigia kura upepo hawatakawia kupigia kura paa.

5. Usalama. Kwa kuhofia kwamba kitu kile kingeweza kumwangukia mpangaji, niliamua kukichunguza mimi mwenyewe. Nililala chini yake, chali, kuanzia saa saba hadi saa kumi, siku kumi na moja mfululizo. Nilifumba macho ili nisikie vizuri kama kuna skrubu inayolegea. Siku ya kumi na mbili nilifika na mto wangu, nikamkuta Asowe amesimama mlangoni na koti lake.

"Dahir," akaniambia, "chumba hiki sasa ni ofisi ya kamati. Kamati ni ya wapangaji."

Nikamweleza kwamba nyumba ni yangu. Akasema hilo wanalijua, na ndiyo maana wameniwekea kiti uani. Nikamtazama Nimo, ambaye ndiye mwenye chumba, nikitumaini atasema neno. Naye akasema, kwa upole tu, "Kaka Dahir, tukitengenezewa paa utaingia hata na godoro."

Nilikaa kwenye kiti kile, dada. Kilikuwa cha chuma na kilikuwa juani. Kupitia dirishani niliwasikia wakicheka, na sijui walikuwa wakicheka nini, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kiti.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo: pangaboi iliyofungwa ishushwe, tano zilizobaki zirudishwe Dubai ambako hazina wa kumpotosha, na badala yake ununue picha sita kubwa za mlima wenye theluji, moja kwa kila chumba. Mtu akiitazama theluji kwa nia njema, jasho hupungua. Nimejaribu kwa kalenda ya kliniki ya meno, na kwa dakika chache nilikaribia kuona tofauti. Isitoshe, picha haileti watu pamoja.

Nisalimie shemeji, watoto wote, na jirani yako yule wa ghorofa ya juu anayekukopesha bizari. Hodan, Nimo na mapacha wanakusalimu. Asowe anakusalimu kwa niaba ya kamati, na ameniomba niandike hivyo hivyo.

Mdogo wako mtiifu,
Dahir Roble
Mwenye Nyumba

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Nimo amekuja kuniuliza chumba ninacholala kiko upande wa nani. Nikapekua hati ya mama: namba moja hadi tatu ni zako, nne hadi sita ni zangu. Mimi naishi namba moja. Kwa hiyo, dada, mimi ni mpangaji wako. Kamati imenipokea mchana huu kwa kura zote, na kwa vile nina mwandiko mzuri, nimechaguliwa kuwa katibu. Kesho utapokea barua rasmi inayodai pangaboi tano zifungwe mara moja na paa lote liezekwe upya kabla ya mvua. Ndani yake mwenye nyumba ameelezwa kuwa ni mtu wa visingizio, asiyesikia mpaka abanwe. Maneno hayo ni yangu. Nilikuwa na makali zaidi, Asowe akanizuia. Tafadhali usimsikilize tena mwenye nyumba yule aliyetia saini hapo juu.