Wembe Wangu wa Kwanza na Nusu ya Ndevu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ukuta mzima wa vioo.

Mnajua huku kwetu Ayivu, pembeni mwa Arua, nimezoea kunyoa watu kwa mashine. Sasa Mama Rozi, mwenye saluni kule Koboko, akaniambia: "Kuja na wembe yako ya kukunja. Ukinyoa muzee moja bila damu, kazi iko yako." Kazi hiyo naitaka kuliko chakula.

Asubuhi nikaingia soko la Arua kuchagua wembe wangu wa kwanza. Muuzaji alikuwa ametandaza nyembe zake juu ya turubai. Akanisukumia uliong'aa kuliko zote. (Mimi si wa kudanganywa na mng'ao.) Nikaukunjua, nikaukunja. Kiungo kimelegea. Rudisha! Wa pili nikaujaribu kwenye nywele za mkono. Ukakata vizuri.

"Mukono iko na nywele laini," akasema muuzaji. "Jaribu kwa ndevu."

Ndevu zangu mnazijua. Ndizo zinazofanya niitwe mzee na ujana wangu huu. Lakini mimi sinunui kwa macho! Akaufuta wembe kwa spiriti, nikajipaka sabuni, nikajaribu shavu la kulia. Unavuta. Lete mwingine! Huo unakwaruza. Mwingine! Kioo hakuna, napapasa kwa vidole. Tena nilihakikisha zote nazijaribu upande uleule, ili ushindani uwe wa haki. (Akili hizo, jamani.) Hatimaye nikapata mmoja mweusi, mzito kidogo, ukapita bila kuvuta hata unywele. Huohuo!

"Wewe unajua wembe," akasema muuzaji. Kichwa kikavimba. Nikalipa, nikapanda gari la Koboko.

Njiani watu walinitazama sana. Nikajua ufundi unaonekana usoni. (Ulionekana kweli.)

Nikaingia saluni kwa mikogo. Mzee Taban, mteja wa mtihani wangu, alikuwa tayari kitini na taulo shingoni. Akanikodolea macho.

"Nani alinyoa wewe?"

"Mimi mwenyewe!" nikajibu, nikainua kidevu ili aone vizuri.

Saluni nzima ikaangua kicheko. Ndipo nikageukia kioo. Kulia, shavu laini. Kushoto, msitu. Hata masharubu yaliishia katikati! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee Taban akavua taulo. "Mimi nakwenda nyumbani na uso yangu muzima."

Nikaona kazi yangu inatoka naye mlangoni. "Mzee, ngoja utazame tu," nikamsihi. Nikakaa kwenye kiti chake, nikajipaka povu, nikaanza kunyoa ule msitu mbele yao wote. Mkono ulitulia. Watu wakasogea kutazama. Nilipomaliza, Mama Rozi akanigeuza shavu huku na huku akitafuta damu. Hakuna!

"Muzee, kaa chini," akasema. "Hii mutoto iko na mukono."

Akakaa, amefumba macho. Nikamnyoa bila hata tone la damu. Alipojipapasa kidevu, akatabasamu mwenyewe. Naanza kazi kesho, na wembe niliuchagua mimi!

Ndevu ndizo sina tena, nafanana na mtoto wa shule. Anayetaka kunicheka aje Koboko, akae kwenye kiti changu, nimpake povu, nikunjue wembe, halafu acheke.